Kabla ya Kuchoma Diski, Tulisalimia Mashine

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, Chef, yaani mkubwa wangu wa kazi, hakuniuliza hata kama nilikuwa nimekunywa chai. Aliniwekea mkononi diski ya ubatizo wa mtoto fulani, akanionyesha rafu yenye mashine za kusomea diski, akasema, "Bon, Mama Agathe, jaribu moja-moja." Nikajaribu. Mashine ya kwanza ilionyesha padri, maji, na mtoto analia, vizuri kabisa. Ya pili ilitoa sauti tu, picha hakuna. Ya tatu ilizungusha diski, ikafikiri, ikaitema nje kama mtoto anayekataa dawa.

"Alors, mubovu iko gani?" Chef akaniuliza.

"Hizi mbili za mwisho."

"Hapana. Zote ziko muzima. Diski nayo iko muzima. Mubovu ni mutu mwenye aliichoma bila kuuliza itaenda kulala kwa nani."

Nilikasirika, maana sipendi kutegwa asubuhi. Lakini somo lile ndilo lililonilisha mpaka uzeeni, na nyinyi vijana mnaonicheka na simu zenu kubwa, kaeni niwaeleze.

Ilikuwa miaka ya vita. Kisangani yetu ilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine, na mto katikati ulikuwa umefungwa. Mimi nilikuwa mshonaji nguo mpaka uzi ukakosekana sokoni. Mshonaji bila uzi ni mtu wa kukaa tu, na mimi kukaa sijui. Nikaenda kuomba kazi kwa Patron, mfanyabiashara Mnande aliyekuja kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari mkononi hata anapopima chumvi. Aliuza kila kilichoweza kuingia ndani ya ndege: sabuni, betri, vitenge, televisheni. Nyuma ya duka aliweka kompyuta yenye kifaa cha kuchomea diski, na juu yake akamweka Chef, mkuu wa ufundi, mtu mrefu asiyecheka hovyo, aliyewahi kutengeneza redio za nusu ya mji.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua picha za video za watu, harusi, matanga, ubatizo, na kuziweka kwenye diski wapate kuziangalia nyumbani. Mnadhani ni kubonyeza tu. Wapi. Siku zile kulikuwa na mashine za VCD, za zamani, zilizosoma formati ya MPEG-1 peke yake. Picha yake si kali, uso wa mtu unakuwa na vumbi kidogo, lakini mashine hizo ndizo zilikuwa katika nyumba nyingi. Kulikuwa na mashine za DVD, ambazo zilisoma za VCD pia na zenyewe zilitaka MPEG-2, na zilitaka mafaili yapangwe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Ukiipa jina lingine, mashine inakuangalia tu. Halafu kulikuwa na faili za AVI. Hizo ziliwadanganya wengi. Chef alisema AVI ni mfuko, na mfuko unaweza kubeba mihogo au mawe, kwa nje huwezi kujua. Kompyuta inafungua mfuko wowote. Mashine ya nyumbani haina ujuzi huo, isipokuwa chache za Kichina zilizoandikwa DivX kwenye uso.

Na bado hujamaliza. Diski tupu zenyewe zilikuwa za alama ya kutoa na za alama ya kujumlisha, na mashine nyingine ilipenda moja ikachukia nyingine. Ukisahau kuifunga diski mwishoni, yaani kuiambia kompyuta kwamba hakuna kitakachoongezwa tena, basi inasomeka kwako peke yako. Mteja anarudi na uso umevimba.

Kwa hiyo Chef alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona mahali pengine: kabla ya kuchoma, nenda ukasalimie mashine. Nilikwenda nyumbani kwa mteja, nikakaa, nikakubali kikombe cha maji, nikauliza habari za watoto na za mgonjwa kama yuko. Kisha ndipo nilipoomba kuiona. Nilisoma maandishi kwenye uso wake na mgongoni, nikaijaribu na diski zangu za majaribio, nikaitazama televisheni pia, kwa sababu kanda zilizotoka Amerika zilikuwa za mtindo wa NTSC, na televisheni za PAL za kwetu zilizipokea kwa picha inayopanda na kushuka bila rangi. Watu walizoea. Nikikatiza njia, watoto walisema, "Mama wa kusalimia mashine amefika." Mama mmoja wa mtaa wa Lubunga aliiogesha yake kwa kitambaa chenye maji kabla sijafika, ndiyo ikafa. Papa mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama ya kwake inaweza kuwa na presha.

Baadaye Patron alifungua tawi Bengamisa, akanituma huko chini ya Msimamizi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Msimamizi hakutaka habari ya kusalimia. Alitaka kupanga sherehe zote za ukoo katika diski moja, kwa AVI, kwa sababu AVI hula nafasi kidogo. "Mama, tunasonga mbele na dunia," aliniambia. Dunia ilisonga, lakini mashine za Bengamisa zilibaki pale pale. Wateja walirudi wamejaa mlangoni, na yeye akawaambia mashine zao ziko na kichwa ngumu. Mzee mmoja akamjibu kwamba kichwa ngumu anakiona, hakiko nyumbani kwake. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Tawi lilifungwa, nikarudi Kisangani kwa Chef, na ndipo ikanikuta kazi ya Georgine, ambayo ningependa muisikilize vizuri.

Georgine alikuwa binti wa Papa Alphonse, mvuvi Mgenya wa pale kwenye maporomoko. Alichumbiwa na mwalimu wa Isangi, kijana mpole aliyeitwa Dieudonné. Mahari ilikwisha kupokelewa, kila kitu kilikuwa sawa, ila jambo moja. Katika ukoo ule binti haondoki nyumbani kama noko, yaani kaka ya mama yake, hajamuuliza mbele ya watu kama anakubali kwenda. Baba anaweza kula mbuzi wote anaotaka, lakini neno la kumfungulia binti mlango liko kinywani mwa noko. Na noko wa Georgine, Noko Fidèle, alikuwa amekwama Kinshasa, ng'ambo ya vita.

Walingoja. Mwisho mtoto wa noko akamrekodi baba yake kule Kinshasa, akaweka video kwenye diski, na diski ikasafiri kwa ndege mpaka Nairobi, ikaja Kampala, ikaingia Butembo, ikafika kwetu ndani ya mzigo wa vitenge wa ndugu za Patron. Hebu fikirini, Kinshasa iko huko chini kwenye mto huu huu, lakini sauti ya mzee ilizunguka nusu ya Afrika ili ije kusema na binti wa dada yake.

Ilikuwa AVI, bila shaka. Nikaenda kwa Papa Alphonse kusalimia mashine. Ilikuwa DVD ndogo ya kijivu, safi, isiyosoma DivX, yenye kupenda diski ya alama ya kutoa. Mama Veronika, mama yake Georgine, aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Nikarudi, tukageuza AVI kuwa MPEG-2, nikapanga folda, nikachoma, nikafunga. Tulitazama picha za mwanzo tu, bila sauti, kwa sababu Mama Veronika alituomba. "Noko hasemi mara mbili," alisema. "Yeye atasema siku ile, na sisi wote tutasikia pamoja." Tukaheshimu.

Siku ya sherehe ilikuwa siku moja tu ya kubahatisha. Askari waliolinda mto walikuwa wameruhusu pirogue, yaani mtumbwi, kubwa ya watu wa Isangi iondoke kabla ya jua kuzama, na baada ya hapo hakuna aliyejua ni lini wangefungua tena. Tonton wa bwana harusi, mzee wa ukoo wake na msemaji wa upande wao, alituambia wazi: "Tukirudi bila yeye, hatuwezi kuwaahidi kwamba tutaonana tena mwaka huu." Kwa hiyo kila mtu pale uani alijua. Noko aseme leo, au Georgine abaki.

Nilifika nikiwa nimevaa kitenge kipya, nimebeba diski yangu kama ukaristi. Uani kulikuwa na liboke ya samaki ndani ya majani, pondu ya majani ya mihogo, pombe ya lotoko ya wazee ikijificha chini ya meza, na mbele kabisa televisheni kubwa na mashine kubwa ya rangi ya fedha, yenye taa zinazocheza. Nikashtuka. Ile haikuwa mashine niliyoisalimia.

"Tumeazima kwa jirani," Papa Alphonse akanieleza kwa fahari. "Noko hawezi kutokea ndani ya kamashine kadogo mbele ya wageni. Tutamupa kiti kikubwa."

Nikaingiza diski. Taa zikacheza. Mashine ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikainama nikasoma uso wake: VCD tu. Jitu zima lile, na ujuzi wake unaishia kwenye MPEG-1.

"Ile kadogo iko wapi?" nikauliza.

Mama Veronika akashika mdomo. "Iko ndani ya pirogue ya mizigo. Imeenda asubuhi na sufuria. Niliiweka katikati ya godoro ili isipate maji. Nilitaka mutoto awe anamuangalia noko wake kule Isangi."

Sasa ungemgombeza mama kama huyo kwa lipi? Kosa lake lilikuwa upendo mtupu, na la mume wake lilikuwa heshima tupu, na mimi katikati nilikuwa na diski nzuri isiyo na mahali pa kuingia. Tukatuma watu kwa majirani kutafuta mashine nyingine ya DVD. Wenye nazo walikuwa wameziuza au wamezipoteza katika mapigano. Georgine alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, na niliona kitambaa kinatetemeka. Tonton wa Isangi aliangalia jua, kisha akaangalia viatu vyake.

Nikasimama nikasema nipeni muda. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nikamwambia kijana apige pedali kama ana deni na shetani. Hasira yangu yote niliimwaga mgongoni mwake, masikini, naye akazidi kupiga pedali.

Upande wa duka umeme ulikuwa umekatika, na mashine za DVD za rafuni Patron alikuwa ameziuza zote. Chef alinisikiliza, akainuka bila kuuliza mara ya pili. Patron ndiye aliyekuwa mgumu. "Mazutu ya groupe iko ya frigo," alisema, maana mafuta ya jenereta yalikuwa ya kulinda samaki wake wa kuuza. Nikamwambia samaki wamekufa tayari, Georgine bado anaishi. Akapitisha shanga kadhaa za rozari, akasema, "Kidogo tu," na groupe ikawaka.

Tulihitaji kugeuza video kuwa MPEG-1 kwa ajili ya VCD. Kompyuta yetu ilikuwa mwaminifu lakini si ya mbio: ilichukua muda mrefu kuliko video yenyewe. Chef akakadiria, akasema hatufiki. Ilibidi tupunguze. Mwanzoni mtoto wa noko alikuwa ameweka mapambo, mioyo inayozunguka, maua, majina ya familia yanayoruka kutoka kila pembe. Tukayakata yote bila huruma. Bado haikutosha.

"Angalia hapa," Chef akasema, akisogeza picha mbele. "Muzee anakaa kimya muda murefu. Haongei. Na hapa tena. Na hapa. Tukitoa hizi, tunafika."

Nikaangalia. Noko Fidèle alikuwa amekaa kwenye kiti, suti imempwaya, mikono juu ya magoti, macho yanatazama kamera. Hasemi kitu. Kisha anatikisa kichwa chini na juu, kama anayekubali, anaendelea. Nilidhani amesahau maneno, wazee husahau. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kipanya cha kompyuta.

Patron alikuwa amekuja kuzima groupe. Akasimama nyuma yetu, akatazama mzee aliyenyamaza, na sikujua kwamba alikuwa akisikiliza.

"Musikate pale," akasema. "Hajasahau. Anangojea. Kwetu pia mujomba akiuliza, anangojea binti ajibu. Mukikata pale, munakata jibu lake."

Nikaondoa mkono wangu kwenye kipanya. Kisha Patron akatoka nje, tukasikia anamimina mazutu. Alimaliza kidumu kizima, kile cha samaki. Akarudi akasema tukifanya haraka samaki watamsamehe. Chef akapunguza salamu za majirani wa Kinshasa mwishoni, watu ambao hakuna aliyewajua, na kimya cha noko tukakiacha chote.

Niliporudi uani, jua lilikuwa limeegemea miti ya Lubunga. Watu wa Isangi walikuwa wamesimama, wameshika mizigo. Sikusalimia mtu. Niliingiza VCD, na lile jitu la fedha likaipokea, na Noko Fidèle akatokea, mkubwa, mwenye vumbi kidogo usoni kama ilivyo kawaida ya MPEG-1. Mama Veronika alimwita kwa jina la utotoni, akakaa chini kwa ghafla.

Noko akasalimia. Akawataja wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, "Georgine, mutoto wa dada yangu. Huyu mwanaume unamujua?"

Akanyamaza.

Watu wakadhani mashine imekwama. Jirani mwenye mashine akanyoosha mkono aipige kofi la kuiamsha. Nikamshika kifundo. "Muache," nikamwambia. "Anangojea."

Georgine akasimama. Akafunua kichwa, akatazama televisheni kama unavyotazama mtu. "Namujua, noko."

Na noko akatikisa kichwa kukubali.

Siwezi kuwaeleza sauti iliyotoka uani. Wengine waliguna, wengine walicheka, mwanamke mmoja akapiga magoti. Noko akaendelea: "Siku ya njaa, utakaa naye?" Akanyamaza. "Nitakaa," Georgine akasema, na mzee akatikisa kichwa tena. Mara ya tatu akauliza, "Basi, niwaache wakuchukue?" Hapo Georgine akaanza kulia. Tukasubiri. Noko akasubiri. Niliona kule kwenye picha mzee anavuta pumzi, na nilijua kichwa kinakaribia kushuka. "Ndiyo," Georgine akasema, na kichwa cha noko kikashuka papo hapo.

Walimbeba mpaka majini wakicheza. Papa Alphonse alinikumbatia mpaka kitenge changu kipya kikachanika begani, na mimi nikacheza hivyo hivyo kimechanika. Pirogue iliondoka jua likiwa bado na kidole kimoja juu ya mto. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata kwenye harusi yangu, na mume wangu alijua, nilimwambia.

Vita viliisha kwetu, duka likakua. Chef alipougua macho, Patron aliniweka mimi kuwa mkuu wa ufundi, nikawatuma vijana kusalimia mashine wakati wao walitaka kukaa kwenye kiyoyozi. Baadaye zikaja funguo za USB, kisha simu, na diski zikaisha kama chumvi ndani ya maji. Nilistaafu nikiwa naona vizuri na miguu inauma. Bado vijana huniuliza ni formati gani iliyo bora, kama vile ni mashindano. Ninawajibu kwa swali: ni nani atakayeangalia, na ana nini mkononi? Wananiona mzee asiyejibu. Wakirudi na malalamiko ya wateja, ndipo wanakaa kusikiliza.

Lakini nirudi nyuma kidogo: boti la kwanza kutoka Kinshasa baada ya vita lilipofika, nilikuwa pale bandarini na kamera ya duka, nimetumwa kurekodi. Georgine alikuwa amepanda kutoka Isangi na watoto wake wawili, amesimama mbele ya wote. Noko Fidèle alishuka polepole na fimbo, amekonda kuliko kwenye diski. Watu walimkimbilia. Aliwasogeza kwa mkono mpaka akafika kwa Georgine, na wala hakumpa salamu.

"Siku ile nilikuwa katika chumba, na mutoto wangu na kamera tu," akamwambia. "Niliuliza, nikatikisa kichwa. Lakini sikusikia kitu. Miaka hii yote sijui. Ulinijibu nini?"

Georgine akamweka chini mtoto, akapiga magoti kwenye mbao za bandari. "Nilisema ndiyo, noko. Mara zote tatu."

Mzee akamsikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akatikisa kichwa, akamwinua, akauliza hawa watoto wazuri ni wa nani, na chakula kiko wapi.